Chupa ya kubinya kwa mtoto asiyeweza kunyonya: nyota 4 kati ya 5

Mwanangu ana miezi mitatu. Alizaliwa na uso usiocheza, macho yasiyofumba vizuri hata akilala, na nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Daktari alisema ni sindromu ya Moebius, kwa jina la Mjerumani aliyeieleza mwaka 1888: neva ya sita na ya saba za kichwa hazikukua sawasawa, ndiyo maana midomo haishiki na macho hayageuki pembeni. Bibi yake alikuwa ameshaanza kuuliza nani kamroga.

Shida ya kwanza ilikuwa maziwa. Chuchu haishiki, yote yanaishia shingoni. Kikombe na kijiko vilitusaidia, ila mlo mmoja ulichukua saa nzima. Hii chupa ni laini, unaibinya mwenyewe kidogo kidogo, yeye anameza tu. Dakika 20 tumemaliza. Mkalishe wima na ufuate pumzi zake. Siku ya kwanza nilibinya kwa pupa akapaliwa, nikalia kuliko yeye.

Nyota moja nimeikata kwa sababu chuchu yake imelegea baada ya wiki 6, na duka lililoniuzia halina ya akiba, eti ninunue chupa nzima. Alama za vipimo nazo zimefutika kwa kuchemshwa.

Miguu iko kwenye plasta, tunabadilisha kila wiki. Hatabasamu, lakini akishiba anagonga plasta zake kitandani, ko ko ko, hapo najua kafurahi.