Psion 5mx: mashine ya mfukoni niliyoifanyia hesabu za dagaa Tanga

Psion Series 5mx, kompyuta ndogo ya mfukoni yenye kibodi, ilitoka mwaka 1999, na ukiniuliza leo ni kifaa gani cha mkononi nilichowahi kukitumia kwa raha kuliko vyote, nitaitaja hiyo kabla ya simu yoyote. Haitengenezwi tena, na kiwanda chenyewe kilishaachana na biashara hiyo zamani. Hata hivyo naandika uzoefu wangu, kwa sababu bado zinaonekana huku na kule kwenye vitu vilivyotumika, na kwa sababu sijapata kingine kilichokaa mahali pake.

Yangu niliipata kwenye mitumba ya Uingereza, ile mizigo inayopitia Unguja na kuvushwa hadi huku kwetu Tanga. Kulikuwa na redio, pasi, deki za CD, na katikati ya rundo kitu kilichofungwa kama pochi ya miwani. Muuzaji alijua ni kamusi ya elektroniki, akanitajia bei ya kamusi. Nilipoifungua, kibodi ikasogea mbele yenyewe na kioo kikaegemea nyuma, vyote kwa mkupuo mmoja. Mtindo huo ni wa mbunifu wake, Martin Riddiford, na una kazi yake: ukigusa kioo kwa kalamu, mashine haipinduki, maana uzito umeshahamia mbele. Kalamu yenyewe inakaa ubavuni, unaibonyeza kidogo inachomoza.

Nianze na kibodi, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niipende. Mashine ina upana wa sentimita 17 tu, lakini vitufe ni vitufe kweli, vinabonyea na kurudi, na kila kimoja kina nafasi yake. Niliandika kwa mikono yote miwili bila kuangalia chini. Kwenye simu ya kioo hadi leo naandika kwa dole gumba huku nikirudi nyuma kufuta. Kwenye Psion niliandika sentensi nzima, nikaweka nukta, nikaendelea na nyingine.

Nilikuwa nashika hesabu za baba mdogo, mwenye boti za dagaa zinazoshusha Deep Sea, ufukwe wa samaki hapa Tanga. Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala, na mwezi ukifa boti zinatoka kila usiku upepo ukiruhusu. Alfajiri zinaingia, ndoo zinashushwa, mnada unaanza hapohapo mchangani. Bei inapanda na kushuka kati ya boti ya kwanza na ya tatu. Huyu kalipa taslimu, yule kachukua kwa ahadi, mwingine kalipa nusu. Karani lazima aandike haraka, kwa mkono ulioloa, katikati ya kelele, na baadaye asibishane na mtu.

Daftari la karatasi lilikuwa linalowa na kufutika. Kwenye Psion nilifungua jedwali moja: chombo, nahodha, idadi ya ndoo, bei, mnunuzi, alicholipa, anachodaiwa. Jumla inajipiga yenyewe. Gharama za mafuta na chakula zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na mabaharia kwa makubaliano yao, na kila baharia akitaka kuona nampa aangalie kiooni. Hilo la kumwonyesha mtu hesabu yake palepale lilituondolea ugomvi mwingi kuliko maneno yoyote ya baba mdogo.

Wachuuzi walishaizoea. Alikuwepo mama mmoja mkaanga dagaa ambaye kila akifika lazima aniulize.

"Mwanangu, hebu nichungulilie humo, juzi nilibakiza ngapi?"

"Shikamoo mama. Ulichukua ndoo tano, ukalipa tatu."

"Marahaba. Basi hizo mbili nakuletea Ijumaa, andika."

Nami naandika Ijumaa, kwenye programu ya ratiba, na Ijumaa ikifika mashine inalia yenyewe hata kama ilikuwa imezimwa.

Sasa tuje kwenye nguvu zake. Ndani kuna prosesa ya ARM ya megahezi 36 na kumbukumbu ya megabaiti 16. Kioo kina nukta 640 kwa 240, hakina rangi, ni vivuli 16 vya kijivu. Ukisoma namba hizo leo utadhani ni kitu kinachojikokota. Hakijikokoti. Ukibonyeza kuwasha, umeshawasha: hakuna nembo ya kusubiri, hakuna kuzunguka, unajikuta kwenye mstari uleule uliouacha, kielekezi kinapepesa mbele ya herufi uliyoishia. Niliweza kuifungua, kuandika "ndoo nne, taslimu", na kuifunga kabla mnadi hajamaliza kutaja bei inayofuata. Mfumo wake endeshi, EPOC, uliandikwa na watu waliojua kumbukumbu ni kidogo na betri ni kidogo, wakabana kila kitu. Chini ya kioo zimechapishwa picha za programu, unagusa jedwali linafunguka, unagusa ratiba inafunguka, na zote zinakaa wazi kwa pamoja bila kusumbuana.

Imo pia lugha ya kuandikia programu, OPL, ndani ya mashine yenyewe. Huhitaji kompyuta nyingine. Nilijifunza kwa kujaribu jioni, nikatengeneza kiprogramu kidogo cha mgawo: unaingiza mauzo, gharama na idadi ya mabaharia, kinakupa fungu la kila mmoja. Hicho ndicho kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokiamuru mashine ikafanya, na furaha yake sijaisahau. Simu niliyonayo sasa ina nguvu mara nyingi zaidi, lakini ni vigumu kweli kuifundisha jambo jipya kwa kuitumia yenyewe.

Na betri! Inatumia betri mbili za AA, zile za rimoti na saa za ukutani, zinazouzwa kila duka Ngamiani. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulipotukamata, wenye kompyuta za mezani walikaa na wenye simu walizunguka kutafuta pa kuchajia. Mimi nilikuwa na betri za akiba mfukoni na kazi haikusimama. Betri nzuri zilinibeba wiki kadhaa, kwa kuwa matumizi yangu ni ya kufungua na kufunga. Taa ya kioo ndiyo inayokula. Ile ya kijani hafifu unaiwasha pale tu isipowezekana kusoma bila hiyo, na alfajiri ya Deep Sea ndipo hapo hasa.

Hapo ndipo ninapoipunguzia alama. Kioo chake kina ukungu: herufi na mandhari yake havitofautiani vya kutosha. Juani kinasomeka vizuri kuliko simu nyingi, mchana wa kawaida kinaridhisha, lakini mwanga ukiwa wa jioni au wa chumbani unainamisha mashine huku na huku kutafuta pembe. Taa ya nyuma inasaidia gizani tupu na haisaidii sana kwenye mwanga wa katikati.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Faili zako zote zinaishi kwa umeme wa betri. Ndani ipo betri ndogo ya duara, CR2032, inayoshikilia mambo wakati unabadilisha zile kubwa. Zote mbili zikifa, mashine inaamka tupu. Dawa yake ni kadi ya kuhifadhia faili, CompactFlash, inayoingia ubavuni; kila jioni unanakili. Nilifanya hivyo kama sehemu ya kazi, pamoja na kuosha miguu mchanga.

La tatu, bawaba. Modeli hii inajulikana kwa udhaifu wa waya bapa unaounganisha kioo na mwili. Unajikunja kila unapofungua, na baada ya miaka unaanza kukatika. Dalili ni mistari kiooni inayokuja na kuondoka ukigusa kifuniko. Wapo waliobadilisha waya huo wenyewe, ila ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu.

Yangu ilishambuliwa na mambo ya pwani. Siku moja iligoma kuwaka. Nikafungua kifuniko cha betri: betri ya bei rahisi ilikuwa imevuja, springi zimeota ukungu wa kijani na mweupe, chumvi ya baharini imemalizia. Fundi mmoja wa redio, mzee mtaratibu sana, hakushika hata bisibisi. Aliagiza siki. Akachovya pamba kwenye kijiti, akagusa springi, ikachemka vipovu vidogo, akafuta, akarudia mpaka chuma kikaonekana. Kisha akasugua kwa kifutio cha penseli, akakausha kwa kitambaa, akaniambia, "Weka betri, mgosi." Ikawaka. Tangu hapo nikawa nazitoa betri kila nikijua sitaitumia kwa muda, na niliibebea kwenye mfuko wa nailoni niliofunga kwa mpira.

Wengi wanadhani vifaa hivi vilikufa kwa kuwa vibaya. Sivyo. Psion, kampuni iliyoanzishwa na David Potter mwaka 1980, ilikuwa imeuza kompyuta za mkononi tangu Organiser ya 1984, na Series 3 ya 1991 ndiyo iliyoipa jina. Mwaka 1998 iliungana na Nokia, Ericsson na Motorola kuunda Symbian, ili mfumo wa EPOC uingie kwenye simu. Mwaka 2001 ikaacha kutengeneza mashine za watu wa kawaida, ikabaki na vifaa vya maghala na viwanda, na mwaka 2012 ikanunuliwa na Motorola Solutions. Kwa maneno mengine simu ilimeza kila kitu, na ilitumia mfumo wa Psion yenyewe kufanya hivyo.

Nililiona hilo kwa macho yangu mnadani. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, haikuchukua muda mrefu mteja akawa analipa kwa simu, ujumbe unaingia kwenye simu, nami nauhamisha kwa mkono kwenye Psion. Mashine isiyojua mtandao ikaanza kuwa ya pembeni. Kwa hiyo nilitafuta Nokia E90, ile Communicator ya mwaka 2007, ambayo ukiifungua kama kitabu unakuta kibodi kamili na kioo kipana cha nukta 800 kwa 352, chenye rangi.

E90 ni kifaa kizuri, niseme wazi. Inapiga simu, inapokea barua pepe, ina Wi-Fi, na betri yake, BP-4L, ni ileile ya E71 na E63, kwa hiyo kwa miaka mingi ilipatikana kirahisi mjini. Nilifurahi pia kujua kwamba Symbian iliyomo ni uzao wa EPOC. Lakini kibodi yake ni ngumu na ya kubana, unaiandikia kwa dole gumba mbili au kwa kuiweka mezani kwa tabu, na jioni lazima uitafutie chaja. Niliitumia mpaka Nokia ilipotangaza mwaka 2011 kwamba inahamia Windows Phone, programu mpya zikawa hazitengenezwi, na moja baada ya nyingine zile zilizokuwepo zikaacha kufunguka mtandaoni. Psion haikuwahi kunifanyia hivyo. Haikutegemea seva ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuizima akiwa mbali.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu. Leo hesabu za boti anashika mdogo wangu kwenye simu janja. Anafanya vizuri. Ila bando likiisha jedwali halisawazishwi, ujumbe wa matangazo unaangukia juu ya safu ya bei, na mtu akipiga simu katikati ya mnada, anachoandika kinaondoka mbele ya macho yake. Nataka mashine ambayo wakati wa kuandika inaandika tu. Planet Computers wa London walijaribu mwaka 2018 na Gemini, wakamrudia Riddiford huyohuyo kwa ajili ya kibodi, na nikaona ipo njia. Lakini ile ni simu ya Android yenye kibodi: inachajiwa na inaita. Kile cha betri mbili za AA sijaona aliyekirudisha.

Je, ununue 5mx leo? Kama unaandika sana, habari, mashairi, shajara, kumbukumbu za shamba, ndiyo, ukiipata nzima. Kwa biashara ya pesa za simu, hapana. Kabla hujatoa pesa, ifungue na kuifunga taratibu mara kadhaa huku imewashwa, ukiangalia kama mistari inapita kiooni. Angalia springi za betri. Hakikisha kadi ya CompactFlash inasomeka, na utafute kisomeo chake cha USB mapema, vinazidi kuadimika. Andika kwa mfumo wa matini ya kawaida au uhamishe faili kuwa matini kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta, maana faili za Psion zenyewe kompyuta za sasa hazizielewi bila kubadilishwa. Betri za kuchajiwa zinafanya kazi, ila kipimo cha chaji hakisemi kweli nazo. Na ukibadilisha betri, badilisha zile kubwa kwanza, subiri mashine iwake, ndipo uguse ile ya duara. Usizitoe zote kwa pamoja.