Bajeti ya mwenye dagaa: Actual Budget, Firefly III na Budibase zilivyofanya kazi Kigoma

Mapato ya anayeuza dagaa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, hayafuati tarehe za kalenda bali giza la usiku, kwa maana mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi hukaa ufukweni, na fedha hukatika kwa siku kadhaa. Nimezipima programu huria za bajeti, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa umma, kwa hali hiyo, si kwa uzuri wa michoro yake.

Firefly III hufuata uhasibu wa maingizo mawili, yaani kila shilingi lazima ionyeshe ilikotoka na ilikokwenda. Mhasibu ataipenda, mimi, ninayerudi jioni nikinuka vichanja, niliona ni mzigo kujaza nafasi zote hizo kwa ajili ya chumvi ya shilingi 2,000. GnuCash, iliyoanza kutolewa mwaka 1998, ina nidhamu hiyohiyo na, tofauti na Firefly III, haidai seva, yaani kompyuta ya kuiendesha muda wote.

Niliyobaki nayo ni Actual Budget, ambayo mtunzi wake, James Long, aliufungua msimbo wake kwa umma mwaka 2022. Hukuwezesha kugawa kwenye bahasha, yaani mafungu ya matumizi, fedha ulizo nazo tu, wala si unazozitarajia. Nikiuza dagaa wa shilingi 180,000, naweka 60,000 ya ada na 45,000 ya unga, kisha 75,000 naizuia, kwa kitufe kimoja, kwa ajili ya mwezi unaofuata. Aliyepitia kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024, miezi mitatu mizima, hahitaji kuelezwa faida ya kitufe hicho. Kumbukumbu hukaa kwenye kifaa chenyewe, hivyo intaneti ikipotea kazi inaendelea, na senti, ambazo hapa hazina kazi, zinaweza kufichwa. Kasoro zake ni mbili: mwezi wake ni wa kalenda tu, na njia zake za kuvuta miamala ya benki zimelenga zaidi Ulaya na Amerika, kwa hiyo ujumbe wa malipo ya simu nauandika kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Kosa langu lilikuwa kuingiza humohumo hesabu za kikundi chetu cha wakaushaji. Bahasha haijui nani ameleta kilo ngapi. Kwa kazi hiyo unahitaji chombo cha kujitengenezea programu ya ndani. Appsmith ina uwezo mkubwa, lakini hutaka uwe na hifadhidata yako pembeni, na RAM ya gigabaiti 4 inayopendekezwa ndiyo yote iliyomo katika kompyuta yangu. Budibase inakuja na hifadhidata yake: niliunda jedwali la mizigo lenye jina, kilo na tarehe, nayo ikanitengenezea kurasa za kujazia. Mama katibu, ambaye hajawahi kufundishwa kompyuta, alijaza mizigo saba kwa simu yake kabla chai haijapoa.

Umeme ukikatika simu haiioni seva, yaani kompyuta yangu inayoendesha Budibase, na katibu hurudi kwenye kaunta buku lake; usiku nakaa kunakili.