"A Silent Song and Other Stories": kitabu teule kinachofundisha kuandika

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne hapa Kilifi, na sijapata kitabu teule kilichonifaa kufundishia uandishi wa hadithi kama mkusanyiko huu uliohaririwa na Godwin Siundu. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ni kitabu cha hiari, alama 20 kati ya 60. Insha ya kubuni nayo ina alama 20 katika karatasi iyo hiyo. Lakini shule nyingi hufundisha haya mawili kama masomo yasiyojuana: huku wanafunzi wanakariri sentensi za kufungulia insha, jua likichomoza na ndege wakiimba, kule wanakariri dhamira na sifa za wahusika.

Hadithi ziko 14. Wamo Tolstoy, Naguib Mahfouz na Charles Mungoshi, na wa kwetu Leonard Kibera, Meja Mwangi, Stanley Gazemba na Gloria Mwaniga.

Iliyonifaa kuliko zote ni "The Truly Married Woman" ya Abioseh Nicol wa Sierra Leone. Ajayi na Ayo wameishi pamoja miaka 12 bila ndoa, na kila alfajiri Ayo humwandalia chai. Kesho yake baada ya harusi haamki. Anamwambia Ajayi kwamba sasa yeye ni mke wa ndoa, apewe heshima yake, na chai ajipikie mwenyewe. Darasa lilicheka, kisha wavulana na wasichana wakaanza kubishana. Niliwaacha kidogo, halafu nikawaambia warudi mwanzo wa hadithi waitafute chai. Waliikuta pale pale, imewekwa kimya kimya kama jambo la kila siku. Tangu hapo wanajua mwisho mzuri hupandwa mapema, na katika insha zao mtu haokolewi tena kwa kuzinduka na kukuta yote yalikuwa ndoto.

"Incident in the Park" ya Meja Mwangi nayo iliwagusa kwa namna nyingine. Mchuuzi wa matunda anaulizwa leseni na askari wa jiji, anakimbia, na umati unamuua kwa kumdhania mwizi. Niliwaomba waandike juu ya mchuuzi wanayemjua. Kijana mmoja, ambaye insha zake zote zilianza na hali ya hewa, aliandika kwamba mama yake akiwaona kanjo, yaani askari hao wa jiji, hufunika kwanza beseni la nyanya, ndipo akimbie. "Mwalimu, hiyo nayo ni insha?" akaniuliza. Niliisomea darasa zima.

Kinachoniudhi ni vijitabu vya mwongozo. Mwanafunzi anavisoma badala ya hadithi zenyewe, anajua "Boyi" inahusu nini, lakini hajasikia sauti ya yule dada anayesimulia kaka yake akikabidhiwa wanamgambo kwa sababu baba hana pesa walizodai. Mzazi ukiombwa pesa za vyote viwili na huna za kutosha, nunua kitabu.

Kwa mwalimu anayeanza: usifuate mpangilio wa kurasa. Anza na Meja Mwangi, kisha Nicol. "Ghosts" ya Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria ije baadaye, na kabla yake tenga kipindi kimoja cha vita vya Biafra nchini humo, 1967 hadi 1970. Bila hivyo watoto hawataelewa kwa nini profesa wa hadithi hiyo anashtuka kumwona yu hai mwenzake aliyedhani alikufa vitani.