Noti kuukuu au noti yenye kasoro: ipi ya kuanzia?

Ukiwa Nairobi na umeanza kukusanya noti, mimi ningekushauri uanze na noti kuukuu, yaani za zamani. Historia yake inajulikana: Benki Kuu ilitoa noti za kwanza za Kenya Septemba 1966, za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100, zenye sura ya Mzee Kenyatta. Hapo bei huamuliwa na uchache na hali. Noti ya 5 iliyochakaa mifukoni haina thamani kubwa, lakini isiyowahi kukunjwa hutafutwa sana. Ile ya 50 ni adimu hata ikiwa imechoka. Na tafadhali, usiioshe wala kuipiga pasi! Mng'ao wa karatasi ukipotea haurudi, na mkusanyaji mzoefu huutambua akiiinamisha tu kwenye mwanga.

Noti yenye kasoro, yaani iliyokosewa wakati wa kuchapwa, ni mchezo mwingine. Nayoipenda zaidi ni ile iliyochapwa karatasi ikiwa imejikunja: ukiikunjua unakuta utepe mweupe umekata picha katikati. Hiyo ni vigumu kuigiza. Ila noti "isiyo na namba" iogope, kwa sababu wino unaweza kufutwa kwa dawa. Imulike kutoka ubavuni. Palipofutwa, nyuzi za karatasi husimama. Wino uliofifia kidogo au ukingo uliokatwa kombo kidogo hauongezi bei.

Noti ya elfu moja ya zamani, iliyokoma kutumika 30 Septemba 2019? Bado ni nyingi mno majumbani, kwa hiyo usitarajie bei kubwa.