Mradi wa Pamba wa Serikali ya Kijerumani, 1902–1905: Nyota Moja, Tena kwa Shingo Upande

Chini ya Gavana von Götzen wa Afrika Mashariki ya Kijerumani (Tanzania Bara ya leo), kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, aliwalimisha watu wake shamba la pamba la pamoja. Kila mtu siku 28 kwa mwaka, kwenye karatasi. Mauzo yaligawanywa mafungu matatu: wakulima, jumbe, mfuko wa wilaya. Wilaya ya Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, mtu alipata senti 35. Wengine walikataa hata kuzipokea, na haki yao. Kuvuna pamba kuligongana na kazi za mashamba ya chakula. Huduma kwa mteja? Dirisha la malalamiko ni akida, ofisa wa Wajerumani aliyewasimamia majumbe, mwenye kiboko, Berlin haisikii. Machi 1905 ikaja kodi ya kichwa, rupia 3. Julai, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche michache tu, vita vya Maji Maji vikaanza.