Choo cha kona cha sungura: uzoefu wangu

Nakaa Rau, hapa Moshi, nyumba ya kupanga yenye vigae chini, na sungura wetu mdogo analala ndani. Kwa hiyo suala la choo halikuwa la kusubiri. Nikaagiza choo cha kona kutoka duka moja la vifaa vya wanyama Arusha, kikaja kwa basi pamoja na mfuko wa chembe za karatasi za kunyonya mkojo.

Kwa muonekano hakina shida: plastiki ngumu, pembe tatu, wavu juu na vibanio vya kukikaza kwenye banda. Tatizo ni ukubwa. Sungura mwenyewe bado mtoto, lakini akiingia humo makalio yanabaki nje, mkojo unaishia sakafuni na yeye ametulia, anajua yuko chooni. Matundu ya wavu ni mapana, mguu unazama, nikautoa. Vibanio navyo havikumsumbua. Anauma ukingo, anavuta mpaka choo kichomoke, kisha anapindua kila kitu.

Kilichofanya kazi ni beseni la pembe nne, pana, la soko la Mbuyuni. Kwa bei ya kile choo unapata mabeseni mawili na hela ya bodaboda inabaki. Nimelaza nyasi kavu nyingi upande mmoja, kwa sababu sungura hujisaidia huku anatafuna. Ukiweka chakula mbali na choo unajitafutia kazi. Beseni liko kwenye kona aliyoichagua yeye (nyuma ya mlango, pabaya kweli). Nilitupia humo vigololi vya kinyesi chake na karatasi iliyolowa mkojo ili anuse na kuelewa. Akikosea nafuta kwa siki, inaondoa harufu na ule ukoko mweupe wa kalsiamu. Kumfokea ni kumfundisha kukukimbia tu.

Chembe za karatasi ni nzuri: hazina vumbi, harufu inatulia. Ila zinaisha haraka na bei yake si ya kila wiki. Jirani akanishauri pumba za mpunga, maana Mabogini zimejaa; zikampigisha chafya. Nikaenda kwa fundi seremala kuulizia maranda.

"Chukua tu dada, hayo huwa tunachoma."

"Ni ya mbao gani?"

"Saipresi na paini."

Nikamshukuru, nikayapeleka kwenye migomba. Mbao hizo zenye harufu kali si za kumlazia sungura, zinaweza kumwathiri ini. Sasa natumia magazeti yaliyochanwa chini ya nyasi, nabadilisha kila siku.

Muuzaji alinishawishi pia nichukue mchanga wa paka, ule unaogandamana ukilowa. Huo usinunue hata ukipunguziwa. Sungura hutafuna kila kitu, na udongo ule unaweza kuvimba tumboni ukaziba utumbo.

Jambo moja muuzaji hakulitaja: akianza kubalehe, kwenye miezi 3 hadi 6, hata aliyezoea choo huanza kuweka alama kwa mkojo, madume hasa. Kuhasi hupunguza sana tabia hiyo.

Chembe nazipa nyota nne, choo nyota mbili. Mwenye sungura wa aina ndogo anaweza kukifaidi. Hawa wetu wenye damu ya aina kubwa iitwayo New Zealand, wanaofika kilo 4 na zaidi, beseni linatosha.