Miezi 14 na nungu bahari ndani ya tangi la matumbawe: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa, maana najua mtu akifika kwenye maoni ya namna hii huwa mwani umeshamfunika mawe na subira imemwisha. Nungu bahari, yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba, anafanya kazi. Anakula mwani kuliko kiumbe kingine chochote nilichowahi kumweka tangini, na konokono wote niwajumlishe humo. Ila kama vipande vyako vya matumbawe umeviegesha tu juu ya mawe, usimlete bado. Nunua gundi kwanza.

Tangi langu ni la kioo, lita 250. Chini kuna mchanga, katikati rundo la mawe, na juu yake matumbawe ya kila aina: laini ya ngozi, zoanthidi, Euphyllia mbili, Montipora moja iliyotambaa juu ya jiwe, na vijitawi vitatu vya Acropora pale juu kabisa karibu na taa. Mwaka wa pili ukaota mwani wa kijani, ule wa nyuzinyuzi kama nywele. Niliung'oa kwa mkono, nikausugua kwa mswaki, nikapunguza saa za taa. Wiki mbili tu, umerudi.

Niliyemchagua ni Mespilia globulus, mviringo kama mpira mdogo, mwili wake mara nyingi hauzidi sentimita 7, miiba mifupi, na kati ya safu za miiba ana mapande ya buluu iliyoiva kama mahameli. Mzuri, sikatai, lakini nilichomtakia ni miiba mifupi. Diadema, nungu mwingine wa miiba mirefu myeusi, ni mla mwani hodari sana. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa ulipowaua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema wa Karibi, mwani ulitanda juu ya miamba ya matumbawe kwa sababu mlaji wake mkuu hayupo. Sasa mnyama wa kazi hiyo, mwenye miiba inayoweza kupita sentimita 20 na inayochoma kwa sumu, unamweka kwenye tangi ambalo mkono wako unaingia kila wiki? Hapana. Tripneustes gratilla nilimfikiria pia, maana ndiye aliyepelekwa kule Hawaii kula mwani vamizi katika ghuba ya Kāneʻohe, lakini anakua mkubwa mno kwa lita 250. Na yule wa miiba minene kama penseli nilimkwepa kwa sababu haishii kwenye mwani. Sponji na hata matumbawe yenyewe anaweza kuyatafuna.

Wa kwanza alinifia siku ya tatu, na kosa ni langu. Maji ya mfuko aliojia yalikuwa na chumvi ya 1.021 (kipimo cha uzito wa maji yakilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), yangu 1.026, nami nikamchanganyia kwa nusu saa tu kama nilivyozoea kwa samaki. Nungu hana uwezo wa samaki wa kujirekebisha chumvi ya mwilini. Maji yakibadilika nje, na ndani yake yamebadilika. Siku ya pili miiba ilianza kulala, siku ya tatu ikawa inadondoka mchangani, na vile vijimiguu vyake vya kunyonya havikushika tena kioo. Ukiona hivyo, mtoe upesi, maana akiozea humo anayachafua maji ya wote. Wa pili nilimpa saa mbili na zaidi, maji yakidondoka tone kwa tone kupitia mrija mwembamba, nikapima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, mpaka pande zote mbili zikalingana, kisha nikamhamisha akiwa bado ndani ya maji. Huyo ndiye ninaye hadi leo. Na tahadhari moja zaidi: tangi lililowahi kuwekwa dawa ya shaba ya kutibu samaki si mahali pake. Shaba inamuua.

Kazi yake sasa. Mdomo uko chini ya tumbo, una meno matano yanayokutana katikati, na chombo kizima kinachoyabeba huitwa taa ya Aristoteli. Meno hayo hayaachi kuota, kwa hiyo kukwangua hakuyamalizi. Usiku, taa zikizimwa, unaweza kumfuata kwa tochi ukaona njia aliyopita: nyuma yake jiwe limenyolewa. Wiki ya tatu upande mmoja wa mawe ulikuwa safi, na ndani ya miezi miwili zile nywele zilibaki kwenye nyufa tu, asikofika. (Kinyesi hutokea juu, utosini kabisa, vijidonge vinavyobingirika pembeni kama mchanga mnene. Watoto wakija nyumbani hilo ndilo wanalotaka kuonyeshwa.)

Lakini hachagui. Ule mwani mgumu wa chokaa wa rangi ya zambarau, ambao sisi wenye matangi tunausubiri mwaka mzima upake mawe, nao anaukwangua. Nina mistari myeupe kila mahali kama ukuta uliochorwa na mtoto kwa chaki. Mimi nimezoea, unaota tena. Anayependa mawe ya zambarau tupu atakereka. Na kama tangi lako ni la akriliki, yaani plastiki ngumu, fikiri mara mbili, meno hayo yanachora.

Tuje kwenye matumbawe. Nungu huyu hupenda kujifunika. Anaokota chochote anachoweza kukiinua, anakibandika mgongoni kwa vile vijimiguu, na anatembea nacho. Wengine hubeba magamba ya konokono, wangu alipendelea vitu vya thamani. Asubuhi moja sikuiona zoanthidi yangu ya rangi ya chungwa mahali pake. Nikatafuta nyuma ya mawe, chini, kwenye chujio. Kumbe amejivika kichwani, pamoja na kisahani ilichooteshewa, na ameegama nayo penye Euphyllia. Euphyllia ana minyiri mirefu inayochoma jirani yeyote, na usiku mzima alikuwa ameichoma. Nusu ya zoanthidi zile ziliyeyuka. Wiki iliyofuata alijibana kati ya vijitawi vya Acropora kufuata mwani kidogo uliokuwa chini yake, akavunja ncha mbili. Hakuwa amekusudia matumbawe hata kidogo. Anapita kama gari la taka kwenye uchochoro.

Ndipo nikatumia siku nzima ya mapumziko kugandisha kila kitu. Gundi ya papo hapo ile nzito ya jeli peke yake haikutosha kwa vipande vikubwa: inashika, lakini inakatika akisukuma. Kilichofaa ni kuweka jeli, juu yake donge la epoksi (gundi ya kukanda inayokuwa ngumu) lililokandwa, kisha jeli tena, halafu kukandamiza na kuzungusha kidogo mpaka kishike. Ukigandisha mengi kwa siku moja, angalia skima, mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, kwangu ilifoka povu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Tangu hapo hajaangusha kipande hata kimoja kilichogandishwa. Nikamwekea pia magamba matupu matano mchangani, ili kama ni kofia, achague humo. Amechukua matatu.

Tatizo ambalo sikulitarajia lilikuja mwezi wa saba: mwani uliisha. Nilifurahi kwa wiki mbili hivi. Kisha nikamwona ameganda ukingoni mwa Montipora, mahali inapotambaa juu ya jiwe, na alipoondoka kulikuwa na alama nyeupe upana wa ukucha. Njaa. Sasa kila siku ya pili, jioni, namfungia kipande cha mwani mkavu wa karatasi kwenye jiwe dogo kwa mpira na kukiweka karibu naye. Anakipanda na kukimaliza kabla ya asubuhi. Montipora ilifunika kidonda chake ndani ya mwezi na hajaigusa tena.

Jambo jingine: usidhani kwamba anaondoa uchafu majini. Anakula mwani, anauacha tena kama vile vijidonge. Naitreti yangu, uchafu unaobaki majini kutokana na vinyesi na chakula, ilikuwa miligramu 25 kwa lita kabla hajaja, na baada ya miezi mitatu, mawe yakiwa yanang'aa, ilikuwa bado 25. Iliyoishusha hadi 8 ni kubadilisha maji asilimia 15 kila wiki na kupunguza chakula cha samaki. Kwa upande wa madini hadai kitu kigeni. Gamba lake na miiba yake ni chokaa, kwa hiyo kalsiamu ya miligramu 420 kwa lita na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ya 8 hadi 9 ninayoyawekea matumbawe inamtosha na yeye, pamoja na joto la nyuzi 25.

Ningempendekeza kwa nani? Kwa mwenye tangi lililokomaa, la mwaka mmoja angalau, lenye mwani wa kumlisha na matumbawe yaliyokwisha kushika mawe. Mwenye tangi la miezi mitatu atamuua kwa njaa au kwa maji yanayoyumba. Mwenye bustani ya vipande vidogo vidogo vilivyopangwa kwenye rafu ya kukuzia, atalia. Mimi nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ilikwenda na ile zoanthidi.

Asubuhi ya leo nimemkuta kona ya nyuma, juu karibu na uso wa maji, amebeba kipimajoto. Hicho sikukigandisha.